Fukuzi wa Nyumba Kumi

Kabla ya kuweka mtego wa kwanza, Evangelina alitoa ahadi. Aliitoa akiwa amepiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, mbele ya mjane aitwaye Kantengwa. Alisema kwamba baada ya wiki kumi angemrudishia kibanja chake cha migomba kama alivyokipokea, mgomba kwa mgomba. Kantengwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hicho ndicho kibanja alichonacho, na kwamba kikirudi pungufu, yeye hana pengine pa kula.

Hakuwa akitia chumvi. Kantengwa alikuwa ametoka Rwanda miaka ya sitini pamoja na mumewe. Pale Kimuli walipewa kipande cha ardhi ukingoni mwa mtaa, mahali ambapo wenyeji walikuwa wakichungia mbuzi. Mume alipanda migomba, ikakubali, naye akafa. Mtoto wao mmoja, Fidele, alikuwa kibarua kule Ndama na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mashina sitini ya migomba ndiyo yaliyomlisha mjane huyo na kumvika. Majirani walimwita Mama Fidele, walimsalimu vizuri, na hawakuwa na ugomvi naye. Lakini hawakuwa na desturi ya kuingia kwake. Kimuli, jirani akikupenda huja na kitu mkononi: ndizi chache, kikapu cha maharage, kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi. Mbele ya ua wa Kantengwa watu walipaza sauti ya salamu, wakapita.

Evangelina alikuwa mtoto wa mtaa ule ule. Marehemu baba yake, mwalimu Rwezaura, alikuwa amewafundisha kusoma nusu ya watu wazima wa pale. Mwaka ule wa 1988 binti huyo alikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, kule Morogoro, akisomea sayansi ya kilimo, naye alikuwa mmoja wa wanafunzi wanane waliopata ufadhili wa utafiti wa likizo ndefu. Masharti yake yalikuwa wazi. Mwanafunzi huchagua swali moja. Huenda shambani wiki kumi, huhesabu, huandika, halafu husimama mbele ya wakuu wa chuo na kusoma alichokipata. Anayefanya vizuri huitwa tena mwaka unaofuata, na anayeitwa tena kwa kawaida hubaki chuoni akawa mtafiti.

Swali lake lilihusu fukuzi wa migomba. Mdudu huyu ni mweusi, mgumu, mkubwa kama punje ya kahawa, na ukimgusa hujifanya amekufa. Jike hutaga mayai chini kabisa, pale mgomba unapogusana na udongo. Buu likitoka huingia ndani ya tunguu, yaani kile kiini kilichofukiwa ardhini, na hulila polepole. Mwenye kibanja haoni kitu. Siku moja upepo mdogo unapita, na mgomba wenye mkungu unalala chini kama mlevi.

Wakulima wa Kimuli walizoea kuyaacha magogo ya migomba iliyokwisha kukatwa yaozee kibanjani, yawe mbolea. Evangelina alitaka kujua kama magogo hayo ndiyo makao ya fukuzi. Alichagua vibanja viwili. Kibanja cha Sibomana, ng'ambo ya kijito na nyuma ya kilima, kiliachwa kama kilivyokuwa. Kibanja cha Kantengwa kilisafishwa: magogo yote yalikatwakatwa, visiki vyote vikang'olewa, uchafu wote ukatupwa nje ya ua. Kazi hiyo waliifanya wao wawili kwa siku tisa, na mjane ndiye aliyeshika jembe muda mrefu zaidi.

Mitego yenyewe haikuwa na ufundi mkubwa. Kipande cha gogo bichi hupasuliwa katikati na kulazwa kifudifudi chini ya mgomba, na fukuzi hukifuata kwa ajili ya unyevu. Kwa Kantengwa Evangelina alikagua mitego kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Kwa Sibomana, kila Jumanne na Ijumaa. Aliokota, akahesabu, akawatia fukuzi alama mgongoni kwa ncha ya sindano. Fukuzi wa Kantengwa walipata mstari mmoja, wa Sibomana miwili. Jua likizama aliwarudisha pale pale alipowaokota, ili siku nyingine aone ni wangapi wenye alama wanarudi mtegoni. Kwa njia hiyo angeweza kukadiria jumla yao. Kazi hiyo ya jioni ilikuwa na shahidi mmoja tu, Kantengwa, aliyeketi barazani kwake akimenya ndizi. Sibomana naye saa hizo hakupatikana nyumbani. Alikuwa kilabuni.

Wiki ya tatu alikuja Dakta Cassian, msimamizi wake, akiendesha Landrova ya chuo. Gaudiosus, balozi wa nyumba kumi, alivaa koti na kuwaita watu wote. Ua wa Kantengwa ulijaa kwa mara ya kwanza. Daktari aliinua mitego ishirini, mmoja baada ya mwingine, akapata fukuzi tisa. Alisimama akapangusa mikono. Kwa kuwa alitaka wakulima nao waelewe, alisema kwa Kiswahili kwamba kazi ilikuwa safi lakini idadi ilikuwa ndogo mno. Mtu hawezi kusimama mbele ya wakuu na fukuzi tisa, alisema, akadai kwamba ana la kusema. Wangekuwa mia ingekuwa habari nyingine.

Watu walitazamana. Kisha daktari alitia fukuzi wale tisa katika chupa ya spiriti wawe vielelezo, akaipandisha chupa garini. Alipokwisha kuwasha injini ndipo alipomwambia Evangelina, kwa Kiingereza na kwa sauti ya chini, kwamba asiwe na wasiwasi. Kiangazi kilikuwa kikali. Aongeze mitego kumi na awe na subira. Maneno hayo ya pili hakuna jirani aliyeyasikia.

Evangelina aliongeza mitego. Alhamisi iliyofuata alipata fukuzi arobaini na mmoja kwa Kantengwa. Jumatatu, sitini na wanane. Wiki ya sita walifika mia moja na wanne. Kwa Sibomana mambo yalikwenda kinyume. Fukuzi walipungua kutoka sitini hadi thelathini na wanane, kisha wakawa ishirini na wawili. Alirudia kuhesabu. Alibadilisha vipande vya magogo, akapima unyevu wa udongo, akarudia tena. Daftari lilisema jambo lile lile: kibanja kilichosafishwa kilikuwa kikijaa fukuzi, na kile kichafu kilikuwa kikipona. Vitabu vyote alivyovisoma vilisema vingine.

Mtu wa miaka ishirini na mbili akiona kitu ambacho vitabu havikukiona, moyo wake hauwezi kutulia. Evangelina alichora jedwali, akaandika barua ya kurasa nne, akampa dereva wa lori la kahawa aitumbukize posta ya Bukoba. Baada ya siku kumi na mbili dereva alimletea simu ya maandishi: MATOKEO YA AJABU. ENDELEA. UTASOMA WA KWANZA MKUTANONI. Alimsomea mama yake, Deodatha, aliyekuwa akichambua maharage. Mama alicheka kwa furaha iliyotulia, kama mtu aliyechangia harusi na sasa anasikia ngoma.

Alhamisi ya wiki ya nane, chini ya mtego wa nne kwa Kantengwa, Evangelina aliokota fukuzi mwenye mistari miwili mgongoni.

Alimgeuza kwenye mwanga. Mistari ilikuwa yake, mkono ulikuwa wake. Kabla ya kumaliza mitego alikuwa na wengine kumi na mmoja wa aina hiyo. Fukuzi hutembea hatua chache kwa usiku mmoja, na kuruka karibu hajui. Kati ya vibanja viwili palikuwa na kijito na kilima, mwendo wa nusu saa kwa binadamu mwenye haraka. Kwa muda mfupi, na baadaye alijionea haya kwa ajili ya muda huo, alidhani amegundua jambo la pili. Halafu akili ilimrudia. Alifunga daftari, akavuka kijito.

Sibomana alikuwa uani akigeuza kahawa juani. Alikuwa mtu wa asili ya Burundi, mchekeshaji, aliyezoea kulipwa kibarua kwa kazi nusu na maneno nusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wa wadudu. Leo si siku yangu."

"Baba, fukuzi wangu wa hapa nimewakuta kwa Mama Fidele. Wamefikaje?"

"Kwa miguu," alisema Sibomana bila kuinua uso. Kisha akaongeza, "Miguu yangu."

Evangelina alimwuliza kwa nini. Sibomana aliweka reki chini na kumtazama kwa huruma, kama mtu anayeeleza jambo ambalo hata kuku analijua.

"Si mkubwa wako alisema wachache? Kule wachache, hapa kwangu tele. Wenzangu wanaokota fukuzi yeyote tu, wa barabarani. Mimi nami nilianza hivyo hivyo. Wiki hii nikasema hapana, huyu ni mtoto wa mwalimu, nitampelekea wale ambao ameshawaandika. Hawa wana vyeti."

"Wenzako nani, baba?"

"Nyumba kumi zenu zote. Mimi hata si wa kwenu, nimejipachika tu. Muulize balozi."

Balozi Gaudiosus hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Alimkaribisha kiti, akamsimulia yote kwa fahari ya mtu aliyefanya wema na kuuficha. Jioni ile ile Landrova ilipoondoka, alisema, aliitisha kikao. Hoja ilikuwa moja. Mtoto wao amepelekwa mbele ya wakuu, na anakwenda mikono mitupu. Je, watakaa watazame? Iliamuliwa kila nyumba itoe fukuzi kumi kila Jumatatu na kila Alhamisi, kabla ya mapambazuko. Wanawake waliwaokota katika vibanja vyao, wakawafunga kwenye jani la mgomba, wakampelekea Mama Fidele, naye aliwaweka chini ya mitego. Nyumba iliyokosa ilionywa. Kwa mwalimu Rwezaura, balozi aliongeza, hawakukosa hata siku moja. Deodatha alitoa kumi na wawili, kwa kuwa ni wa kwake.

"Mzee balozi," alisema Evangelina, "mlidhani mimi nawafanya nini?"

"Si unawachukua? Tuliona chupa ikipanda gari. Tukasema, heri. Vibanja vyetu vinapumua, na mwana waitu, mtoto wetu huyu, anafaulu."

"Nawarudisha, mzee. Kila jioni, wote. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo."

Gaudiosus aliuliza polepole, kama mtu anayekanyaga mahali asipopajua, anawarudisha wapi. Alipojibiwa, alivua kofia na kuiweka gotini. Nyumba kumi, fukuzi kumi kumi, mara mbili kwa wiki, wiki tano. Hakuna aliyehitaji kalamu. Karibu fukuzi elfu moja walikuwa wamehamishwa kutoka mtaa mzima na kumiminwa katika mashina sitini ya mjane mmoja. Siku hiyo balozi alipitisha neno kwamba mtoto ameshatosheka, watu wapumzike. Sababu hakuitaja.

Jumatatu asubuhi Evangelina alimkuta Kantengwa amevaa kitenge kizuri. Ua ulikuwa umefagiwa. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na juu yake palikuwa na sahani ya ndizi za kuchoma na kibuyu kilichofunikwa. Alikuwa amekaa peke yake.

"Leo hawakuja," alisema. "Kuna msiba?"

Ndipo Evangelina alipoelewa kwamba zile asubuhi hazikuwa za kupokeza majani mlangoni na kuondoka. Wanawake walikuwa wakiingia. Walikuwa wakiketi, wakinywa uji, wakisema habari za wakwe zao, na kuondoka kabla yeye hajafika. Kemigisha, mke wa jirani wa kwanza, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisalimia akiwa barabarani, alikuwa amemwachia mjane mtoto wake mchanga mara mbili ili aende kisimani. Mama mmoja alikuwa amemletea chumvi. Yote hayo yalikuja nyuma ya fukuzi.

Evangelina aliketi mkekani, akasema kila kitu. Alisema kwa mpangilio, kama alivyofundishwa kutoa taarifa: kosa lilivyoanza, idadi, matokeo yatakayofuata. Ahadi aliitaja mwisho.

"Najua," alisema Kantengwa.

"Unajua nini, mama?"

"Najua fukuzi anafanya nini. Nimelima migomba tangu sijaolewa. Na nilikuona ukiwarudisha. Nikasema, msomi ana dawa yake."

"Sina dawa."

"Sasa nimesikia."

"Ungeniambia mapema."

"Ningekuambia nini, mwanangu? Mtu amebisha mlangoni kwangu, ana kitu kwenye jani. Mara ya kwanza tangu nifike nchi hii. Nimwambie sikitaki?"

Kantengwa alimsogezea sahani, wakala ndizi za wageni.

Jumatano mgomba wa kwanza ulianguka. Ulikuwa na mkungu ambao ungefaa kuvunwa baada ya mwezi. Walilipasua tunguu kwa panga. Ndani palikuwa na mifereji myeusi, na kwenye mifereji mabuu meupe, manono, yaliyojikunja. Evangelina alichimba pembeni mwa migomba mingine mitano na kukuta minne imekwisha kutobolewa. Huu ulikuwa mwanzo tu. Alijua kalenda ya mdudu huyu kuliko alivyoijua kalenda ya kanisa, na kalenda hiyo ilisema kwamba maangamizi yenyewe yangekuja na mvua za mwaka unaofuata, wakati yeye atakuwa darasani Morogoro.

Alianza kuhangaika. Alikwenda duka la ushirika kutafuta dawa. Mwuzaji alimwonyesha rafu ambayo dawa ilikuwa ikikaa zamani. Alitembea hadi Isingiro kwa bwana shamba. Huyo alikuwa mtu mwungwana, lakini pikipiki yake ilikuwa imelala miezi sita kwa kukosa tairi. Alimsikiliza, akampa ushauri ambao Evangelina alikuwa nao tayari: mashina yote yang'olewe, ardhi ipumzike miaka miwili, ndipo yapandwe machipukizi safi. Alipomwuliza mjane atakula nini miaka hiyo miwili, bwana shamba alisema swali hilo halikuwamo katika mafunzo yake.

Kung'oa shina moja, pamoja na tunguu na mizizi, kulikuwa kazi ya watu wawili kwa nusu siku. Nyumba kumi zikishirikiana zingemaliza kwa siku nne. Alirudi kwa balozi kumwomba aitishe watu.

Gaudiosus alikataa, na alikataa kwa upole. Alisema kwamba akiwaita watu kung'oa migomba ya mtu, watauliza kwa nini. Akiwaambia, kila nyumba itataka kujua ni fukuzi wa nani walioharibu zaidi. Na wapo wachache, alisema, ambao hawakupenda tangu zamani mume wa Kantengwa apewe ardhi ile. Hao watasema kwamba mgeni sasa ametafuta njia ya kuudai mtaa mzima. "Nimeulinda mtaa huu miaka kumi na mitatu," alisema. "Hili siliwezi."

Kantengwa naye alimwomba anyamaze, kwa sababu nyingine.

"Usiwaambie."

"Wakijua watakusaidia, mama."

"Wakijua watanionea aibu. Mtu akikuonea aibu, haji tena. Waache waamini walinisaidia."

Usiku ule Evangelina aliiandika barua ya pili kwa Dakta Cassian. Ilikuwa fupi. Alieleza kwamba takwimu zote kuanzia wiki ya nne hazifai, akaeleza sababu, akasema kosa ni lake kwa kuwa hakuwaeleza wenye vibanja kazi yake ilivyo. Jibu lilikuja na lori siku tatu kabla ya safari: RUDI NA MADAFTARI YOTE. JINA LAKO LIMEONDOLEWA KWENYE RATIBA. Alilisoma mara moja, akalikunja. Hakumlaumu daktari. Kama angekuwa msimamizi, naye angeliondoa.

Siku zote zilizosalia alizitumia kwenye jembe. Alifika alfajiri, wakachimba na Kantengwa mpaka jua kali, wakapumzika, wakachimba tena. Viganja vyake vilitoka malengelenge, yakapasuka. Fukuzi aliowaokota sasa aliwamwagia maji ya moto, na hakuwaandika popote. Walichagua mashina yaliyoumia zaidi kwanza, wakayavuta nje ya ua, wakayakatakata yakauke. Walipofika kumi na moja siku zilikwisha. Yalibaki arobaini na tisa, na mjane wa miaka sitini na kitu, na jembe moja.

Kantengwa hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo Evangelina aliliona gumu kuliko matusi. Alimwuliza tu, wakiwa wameketi kwenye ukingo wa shimo la mwisho, kama maharage yangekubali pale au ardhi ilikuwa imechoka. Evangelina alisema yatakubali. Alisema asipande kabla ya mvua ya pili. Hilo angalau alikuwa na hakika nalo.

Jumamosi lori la kahawa lilisimama njia panda kupakia magunia na abiria, na mtaa ulikuja kumuaga mtoto wake. Walikuja wote. Kila nyumba ilikuwa na kitu: ndizi mbivu, kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye gome la mgomba, mkebe wa senene waliokaangwa msimu uliopita. Mama yake alikuwa amefunga vyote kwenye kapu, akashona mdomo wa kapu kwa kamba. Balozi alitoa hotuba fupi kuliko kawaida yake na hakumtazama usoni. Kantengwa alisimama katikati ya wanawake. Kemigisha alikuwa amemshika mkono, na mtoto mchanga wa Kemigisha alikuwa mgongoni kwa Kantengwa.

"Ukisimama mbele ya wakuu," alisema Kemigisha, "usituchanganye. Uwaambie wale wanono walitoka kwangu."

"Wanono gani," alisema Sibomana. "Wako walikuwa na utapiamlo. Wenye heshima walikuwa wangu, wamesoma."

Watu walicheka. Evangelina alimwona Kantengwa akicheka pia, na juu ya kicheko hicho macho yake yalikuwa yamemkazia yeye, yakisubiri. Basi akashukuru. Alipita nyumba moja moja, kwa jina la baba na la mama, akapiga goti, akasema asante kwa fukuzi. Alimshukuru Sibomana. Alimshukuru mama yake mwenyewe, naye Deodatha akapangusa machozi ya furaha kwa ncha ya kanga.

Alikuwa ameweka mguu kwenye gurudumu la lori Kemigisha alipokumbuka jambo.

"Mama Fidele, nimepita jana nimeona mashimo. Unang'oa migomba?"

Kantengwa alimtengeneza mtoto mgongoni. "Msomi ameniambia niipumzishe ardhi," alisema.

Wote walimgeukia Evangelina. Alitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo. Aliona jambo hilo likiingia vichwani mwao, moja kwa moja, kama lilivyoingia neno la daktari siku ile ya wiki ya tatu.

"Kama ni ushauri wa kitaalamu," alisema Sibomana, "hata mimi naanza Jumatatu."

"Hapana," alisema Evangelina. "Msing'oe. Hakuna mwingine ang'oe. Ni kwa kibanja hiki tu."

"Kwa nini hiki tu?" aliuliza Kemigisha.

Aliuliza kwa nia njema, kama mtu anayetaka kujifunza. Evangelina alifungua mdomo. Balozi aliangalia viatu vyake. Utingo alipiga bodi ya lori mara mbili kwa kiganja, dereva akakanyaga mafuta, na mikono ya abiria waliokuwa juu ikamvuta binti wa mwalimu kwa mabega mpaka akaanguka kwenye magunia.

Alipopata kukaa sawa, lori lilikuwa limekwisha kushika mteremko. Wanawake walikuwa wamemzunguka Kantengwa. Walikuwa wakimwuliza, naye alikuwa akieleza kwa mikono yote miwili, akionyesha upande wa kibanja chake, kisha chini, kisha tena upande wa kibanja. Wengine walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Evangelina alijitahidi kusikia, lakini injini ilikuwa na kelele, na kwa umbali ule hakuweza kujua mjane anawaambia nini, wala wao wanaelewa nini.